Mji wa Njiani: Tabora katika Maandiko ya Njia ya Misafara

Habari za mji wa Tabora zimeandikwa kwa zaidi ya miaka mia moja na sitini, na walioziandika walikuwa watu wa namna nyingi: wapelelezi wa Kizungu, wafanya biashara wa pwani, wamisionari, maofisa wa serikali tatu za kigeni, na wanazuoni wa zama hizi. Msomaji anayeyapitia maandiko hayo kwa mfululizo hakosi kuona jambo moja. Wageni walioandika kwa lugha za Ulaya huueleza mji huu kwa nyumba zake: kuta, paa, ua, bustani na hesabu ya makazi. Waandishi wa Kiswahili waliopita njia ile ile, katika nusu karne ile ile, nyumba huzitaja kwa nadra sana. Wao hutaja watu, madeni, ndoa, hongo, vita na mizigo.

Tofauti hii haijapewa uzito unaoistahili. Ni rahisi kuichukua kuwa upungufu wa waandishi wa Kiswahili, kwamba walikuwa wachuuzi wasio na jicho la kutazama. Hukumu hiyo ni kosa, na kosa lenyewe lina madhara nje ya vitabu. Maana Tabora inajengwa upya mbele ya macho ya wakazi wake, na swali la kipi kihifadhiwe na kipi kibomolewe hujibiwa kwa kutegemea maandiko ya aina moja zaidi ya mengine. Yafaa basi aina zote mbili zipimwe tena, kila moja kwa sifa yake na kwa aibu yake.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze, kama walivyoyaita makazi ya Waarabu wa Unyanyembe, tarehe 7 Novemba. Safari ilichukua siku 134. Kitabu cha Burton juu ya safari hiyo kilitolewa London mwaka 1860, na habari zake za Unyanyembe zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Humo tembe imeelezwa kama ambavyo fundi angeieleza: kuta nene za udongo na miti, paa la bapa, vyumba vinavyouzunguka ua, baraza ya kupokelea wageni. Walakini mwandishi huyu hakubali kwamba Kaze ni mji. Kwake yalikuwa majumba yaliyotawanyika, kila moja na bustani yake na vibanda vyake, na Waarabu wa Unyanyembe nzima mara chache walizidi 25.

Miaka kumi na minne baadaye, Juni 1871, alifika Henry Stanley. Yeye aliikadiria Tabora kuwa na vibanda na tembe zaidi ya elfu moja, na watu wapatao 5,000. Msomaji mwepesi atasema kuwa mji ulikua. Yamkini ulikua kweli. Lakini umbali uliopo kati ya 25 na 5,000 hautokani na ukuaji peke yake. Burton alihesabu wenye nyumba. Stanley alihesabu pia waungwana wa pwani, wenyeji, na kila aliyelala ndani ya makazi hayo. Hesabu ya kwanza ni ya wenye mali na ya pili ni ya wakazi. Hapa pana funzo la kwanza kwa mhakiki: takwimu ya mji katika kitabu cha safari ni sehemu ya usimulizi, na kabla ya kuitumia hapana budi kuuliza msimuliaji alimwona nani kuwa mtu wa kuhesabiwa.

Liko jambo jingine linalowaunganisha wageni hawa. Wote waliitazama Tabora wakiwa katika hali ya kungoja. Burton alikaa hapo zaidi ya mwezi mmoja akitafuta wapagazi. Stanley alizuiwa na vita ya Mirambo. Livingstone, baada ya kuagana na Stanley Machi 1872, alikaa Kwihara hata mwishoni mwa Agosti akisubiri watu watumwe kutoka pwani. Mtu anayengoja huzitazama kuta, kwa kuwa hana jingine la kutazama. Kwa hiyo katika vitabu vyao Tabora hutokea kama mahali palipotulia, pa usingizi na uvivu wa baraza, na sifa hiyo imeendelea kuushikilia mji hata leo katika vitabu vya watalii. Sababu ya utulivu ule ilikuwa katika safari zao. Walipokuwa wakilalamika kwamba hapana wapagazi, wapagazi walikuwa njiani, wamebeba pembe kwenda pwani na nguo kurudi bara, au wako mashambani mwao kwa kuwa ulikuwa msimu wa kulima. Mji ulikuwa ukifanya kazi yake mahali ambapo mgeni hakuwako.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili baada ya kurudi Unguja kutoka bara. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini, na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley ikatoka mwaka 1958 na 1959 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Katika kitabu hiki Tabora hutajwa mara nyingi sana, na haielezwi hata kidogo. Hapana ukuta, hapana paa, hapana bustani. Kilichoko ni ukoo. Baba wa msimuliaji, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi Ituru karibu na Tabora, na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa msafiri wa Kizungu habari kama hiyo ingekuwa jambo la kupita. Katika usimulizi wa Tippu Tip ni msingi wa nyumba, kwani ndoa hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Mwarabu wa pwani apate ardhi, walinzi na njia ya pembe katika nchi isiyokuwa yake. Fundikira alipokufa na Mnywa Sere akashika kiti, ugomvi na Waarabu juu ya biashara uliishia katika vita, na Mkasiwa akawekwa mahali pake. Msomaji aliyezoea kuona mji ukibadilika kwa majengo hataona badiliko lolote hapo. Msomaji wa Maisha ya Tippu Tip huona kwamba mji mzima umehama, ingawa hapana tofali lililoondolewa.

Lugha yenyewe yakubaliana na mtazamo huu. Usimulizi wa Tippu Tip huendeshwa na kitenzi cha -ka-, ambacho kila tendo hulishika tendo lililotangulia na kulisukuma mbele. Kitenzi hicho ni cha mwendo. Hakina subira ya kusimama mbele ya nyumba na kuisifu. Vivumishi ni haba. Hesabu ni nyingi, nazo ni za siku za mwendo, za frasila za pembe, na za mali aliyopewa kwa mkopo na matajiri wa Unguja kama Taria Topan. Kwa hesabu hizo msomaji anaweza kupima ukubwa wa Tabora kwa usahihi ambao tembe zote za Burton hazimpi: atajua imani ya wakopeshaji ilifika wapi, na bei ya pembe ilipanda wapi. Mji kwa maana hii ni fundo la madeni, na mtu aliyelifahamu fundo hilo aliufahamu mji.

Hiyo ndiyo sifa. Aibu yake nayo haifichiki. Usimulizi unaopima mji kwa mapatano hauna mahali pa mtu asiyekuwa na haki ya kupatana. Watumwa katika Maisha ya Tippu Tip huingia kama mali na hutoka kama mali. Wapagazi hupewa nafasi iliyo bora kidogo: hukimbia, hugoma, huugua, hufa, nao hupewa sauti pale tu wanapouchelewesha msafara. Mhakiki anayewasifu waandishi wa Kiswahili kwa kuona mambo ambayo Burton hakuyaona hana budi kukiri kwamba wao nao hawakuona, au hawakutaka kuona, mabega yaliyoubeba mji huo. Kwa wastani mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, kiasi cha kilo 32, na juu ya huo kulikuwa na chungu chake, mkeka wake na chakula chake. Kila kipande cha merikani na kila ushanga uliouzwa Tabora ulifika kwa namna hiyo. Wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi waliofanya upagazi kwa ujira na kwa fahari, kama Stephen Rockel alivyoonyesha katika utafiti wake wa mwaka 2006. Nchi yao ilikuwa na ufundi wa njia kabla Mwarabu wa kwanza hajakaa Unyanyembe.

Maandiko yanayoisogelea zaidi ardhi ya njia ni yale yaliyokusanywa na Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Katika mkusanyo wake wa safari za Waswahili, uliotolewa mwaka 1901, imo habari ya Selemani bin Mwenye Chande na safari yake ya bara. Mwaka 1903 zikafuata Desturi za Wasuaheli, ambazo sehemu yake kubwa ilitoka katika kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Hawa wawili hawakuwa matajiri wa kadiri ya Tippu Tip. Waliandika kama watu walioujua msafara tangu kufungwa kwa mizigo: nani atangulie, nani afuate, bendera ishikwe na nani, kambi ichaguliwe vipi, hongo ilipwe kwa nani na kwa kiasi gani. Kirangozi ana daraja yake, na amri yake hutoka katika ujuzi wa njia.

Kwa kusoma maandiko haya mtu hufahamu kitu ambacho ramani haiwezi kumfahamisha: njia ya misafara haikujengwa na mtu. Hapakuwa na daraja la mawe wala kifusi wala mtaro wa maji. Palikuwa na ujia mwembamba wa mguu nyuma ya mguu, uliohama kila mvua zilipozidi, kila kisima kilipokauka, na kila mtemi alipobadili nia yake. Njia ilikuwa jina la mapatano: fulani atauza mtama, fulani atatoa maji, fulani atapokea hongo na kuacha watu wapite. Mapatano yalipovunjika njia ilikufa, hata kama nyasi zilikuwa hazijaota juu yake. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1871, Mirambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji. Kwa Stanley lile lilikuwa kizuizi cha safari. Kwa wakazi wa Unyanyembe lilikuwa badiliko la ramani nzima ya nchi. Na Tabora, mahali ilipogawanyika njia ya kwenda Ujiji na ile ya kuelekea Karagwe na Buganda, ilikuwa mji kwa sababu ya mapatano hayo. Wenyeji husimulia kwamba hata jina la Tabora latokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa, ambavyo msafiri aliweza kuvichukua safari ndefu bila kuoza. Iwe etimolojia hiyo ni sahihi au ni hekaya, hekaya yenyewe ina maana: mji umeitwa kwa akiba ya njiani, wala haukuitwa kwa ngome wala kwa mfalme.

Ni lazima pia kuutaja ubaya wa mahali maandiko haya yalipotokea. Selemani na Mtoro waliandika kwa kuombwa na mwalimu wa Kijerumani, na masimulizi ya Tippu Tip yaliingia chapani kwa mkono wa Brode, Mjerumani mwingine. Yalichapwa katika miaka ile ile ambayo Ujerumani ilikuwa ikijitayarisha kuiua njia yenyewe. Ngome ya Mtemi Isike ilitekwa Januari 1893, naye akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Mwaka 1905 ulianza ujenzi wa reli kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1912 ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Maandiko makubwa ya njia ya misafara kwa Kiswahili, kwa hiyo, ni maandiko ya jioni. Wasimulizi walisimulia jambo lililokuwa likiondoka, na waliowasikiliza ndio waliokuwa wakiliondoa. Hili laeleza kwa kiasi fulani kwa nini wanasisitiza desturi na kanuni: ni kana kwamba walijua kuwa kitu kisichokuwa na kuta hakitaacha magofu.

Reli ilibadili maana ya njia. Tangu hapo njia ikawa kitu: chuma, mataruma ya chuma, kokoto, stesheni, ratiba. Haikuhitaji kupatana na mtemi wala kununua mtama kwa mwanamke wa kijijini. Safari ya siku 134 ya Burton ikawa safari ya siku moja au mbili. Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa njia, ikaachwa kando; Ujiji ikapitwa na Kigoma. Tabora peke yake kati ya miji mikuu ya njia hiyo ilibaki katika njia mpya kama ilivyokuwa katika ile ya zamani, na hata ikapata tawi la kwenda Mwanza mwaka 1928. Lakini kubaki kwake kulikuwa na gharama. Mji uliokuwa umeenea katika makazi mengi, Kwihara, Ituru, Itetemia na mengineyo, ulianza kukazana kuizunguka stesheni na boma la Wajerumani. Kwihara, ambayo katika vitabu vya miaka ya 1870 ni jina kubwa karibu sawa na Tabora, ikarudi kuwa kijiji.

Juu ya badiliko hili, lililo kubwa kuliko yote, fasihi ya Kiswahili iko karibu kimya. Hapana Selemani wa reli. Mpagazi aliyeweka mzigo wake chini kwa mara ya mwisho mwaka 1912 hakuacha kitabu. Aliacha majina, na majina ya mitaa ya mji ni andiko ambalo halijasomwa vya kutosha. Iko Tabora kata iitwayo Tambuka Reli. Jina hili ni sentensi ya amri, na ndani yake umo mwendo wa miguu: mtu anainua unyayo na kuuvusha juu ya chuma. Aliyelitoa hakuiona reli kutoka dirisha la behewa. Aliiona kama kitu kilicholala kati ya nyumba yake na mahali anapokwenda. Iko pia Ng'ambo, jina ambalo Unguja hulijua vyema. Na kila panapoitwa ng'ambo pana mtu aliyesimama upande wa pili akijiona kuwa yuko hapa. Kandokando ya majina hayo ya Kiswahili wamo Isevya, Ipuli na Itetemia, majina ya Kinyamwezi ambayo hakuna serikali iliyofaulu kuyafuta. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta maandiko ya watu wasioandika angefanya vyema kuanza hapo, kwa kuuliza wazee jina lipi lilikuja lini na lilimwondoa nani.

Waandishi wa baadaye walirudi katika njia hii kwa kupitia milango mingine. J. B. Kabeya alitoa mwaka 1966 kitabu chake juu ya Mtemi Mirambo, kikiwa sehemu ya juhudi za miaka ya uhuru za kuandika historia ya watawala wa Kiafrika kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Ilimtoa Mirambo katika vitabu ambavyo alikuwa jambazi wa njiani na kumrudisha katika enzi yake. Walakini wasifu wa shujaa una mipaka yake. Shujaa huijaza kurasa, na njia hugeuka kuwa uwanja wake wa vita. Swali la mpagazi hubaki pale pale.

Aliyelikaribia zaidi ni mwandishi wa riwaya aliyeandika kwa Kiingereza. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, anamchukua kijana aliyewekwa rehani kwa ajili ya deni la baba yake na kumtia katika msafara wa tajiri. Wahakiki wameonyesha ukaribu uliopo kati ya riwaya hiyo na masimulizi ya zamani ya Waswahili wa njia. Umuhimu wake kwa hoja ya makala haya ni huu: Gurnah amekubali kipimo cha Tippu Tip na Selemani, kwamba dunia ya misafara hupimwa kwa madeni na mapatano, kisha amekigeuza kipimo hicho kwa kumpa macho yule aliyekuwa ndani ya daftari la deni. Aliyekuwa mali ndiye anayetazama. Hapo aibu ya maandiko ya kwanza imejibiwa kwa njia ya sanaa, na imejibiwa bila kurudi katika hesabu ya nyumba. Kwamba jibu hili lilikuja kwanza kwa Kiingereza, na kuingia katika Kiswahili kwa tafsiri, ni jambo la kuwafikirisha waandishi wa Kiswahili.

Sasa yatazamwe yaliyoko leo. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 226,999 katika Manispaa ya Tabora, na ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 300,000. Barabara za lami zimeufikia mji kutoka Nzega na kutoka Manyoni. Mabasi na malori yamechukua kazi nyingi ya reli, na pikipiki za bodaboda zimechukua kazi nyingi ya miguu. Mwaka 2021 na 2022 ilitiwa saini mikataba ya kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma. Njia yake ina upana wa milimita 1,435, ilhali ile ya Wajerumani ni ya mita moja. Treni za reli hiyo zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Njia ya misafara, kwa kusema kweli, yajengwa kwa mara ya tatu, na Tabora bado iko penye njia panda.

Na katika jambo la kuhifadhi, kipimo cha Burton ndicho kinachotawala. Nyumba ya kale inayojulikana zaidi katika eneo la Tabora ni tembe ya Kwihara, iliyojengwa upya na kufanywa makumbusho, nayo huitwa kwa jina la Livingstone. Hapana ubaya kumkumbuka Livingstone. Alikuwa adui wa biashara ya watumwa, na mwili wake ulipita Unyanyembe mwaka 1873 ukiwa mabegani mwa Chuma, Susi na wenzao, ambao safari yao ni miongoni mwa safari kubwa kuliko zote za njia hiyo. Lakini tembe ile ilikuwa nyumba ya Waarabu wafanya biashara katika nchi ya Wanyamwezi, na Livingstone alikuwa mgeni wa miezi michache aliyekuwa akingoja wapagazi. Nyumba imepewa jina la aliyengoja. Waliongojwa hawana nyumba yenye jina lao. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya majaribio ya Urithi wa Dunia, na Kwihara imo pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa na Ujiji. Jina la orodha hiyo ni hatua njema, kwa kuwa limetaja njia badala ya jengo. Linalobaki ni kuifafanua njia kwa mambo yaliyoifanya kuwa njia.

Kuna hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi ya haya. Ya kwanza ni kwamba mji hauwezi kuhifadhi mapatano. Huweza kuhifadhi ukuta tu, kwa hiyo Burton anafaa zaidi kwa mpanga mji kuliko Tippu Tip. Hoja hii ina nguvu, ila haijafika mwisho. Miembe iliyosimama kando ya njia ya zamani si ukuta, nayo ni ushahidi wa njia kuliko ukuta wowote: ilimea walipopumzika watu, na kivuli chake kilikuwa mali ya kila apitaye. Ukataji wa mwembe mmoja kwa ajili ya kupanua barabara waweza kuwa wa lazima. Lakini aliyesoma Selemani na Mtoro atajua anakata nini, na ataandika mahali ulipokuwa kabla hajaukata. Vivyo hivyo kwa kisima, kwa uwanja wa mnada, kwa mahali pa kivuko cha reli. Vitu hivi havina paa, na kwa sababu hiyo hupotea bila kuhesabiwa.

Ya pili ni nzito zaidi. Yaweza kusemwa kwamba kuisifu njia ya misafara kuwa njia ya mapatano ni kuupamba msiba, maana kwa mtumwa njia ile haikuwa mapatano yoyote. Ni kweli, na sifa yo yote ya maandiko haya isiyolitia jambo hilo katikati ni sifa ya uongo. Lakini dawa yake haimo katika kurudi kwenye majengo. Tembe ya udongo haimsemi mtumwa zaidi ya daftari la deni. Humsema kidogo zaidi, kwa kuwa huonekana nzuri. Daftari walau lina mstari wake, na mwandishi mwenye bidii aweza kuuliza mstari ule ulikuwa mtu gani. Gurnah ameonyesha kwamba swali hilo laweza kuulizwa. Limebaki kuulizwa kwa Kiswahili, na kuulizwa katika Tabora yenyewe.

Kutokana na hayo yafuata mambo mawili kwa wanaosomesha na wanaosoma. Kwanza, Maisha ya Tippu Tip, safari ya Selemani na Desturi za Wasuaheli zisomwe katika vyuo kama fasihi ya mji na ya njia, pamoja na kuwa hazina ya wanahistoria na wanaisimu. Na zisomwe pamoja, ili sauti ya tajiri isahihishwe na sauti ya msafiri wa kawaida. Pili, badiliko la sasa liandikwe na wanaoliona. Reli ya mwaka 1912 ilipita bila shahidi wa Kiswahili aliyeacha kitabu, na hasara hiyo haifidiki. Wako sasa Tabora wenye bodaboda, mama lishe wa stendi, wafanyakazi wa reli ya zamani wanaoitazama reli mpya, na wazee wa Kwihara wanaojua shamba lipi lilikuwa kambi. Kila mmoja wao anajua nani anamdai nani na nani humpisha nani, ujuzi ambao Selemani aliuandika juu ya zama zake. Mwanafunzi mwenye daftari na subira anaweza kuwauliza kabla njia ya tatu haijafunguliwa.